Kioo cha nyuma kimepasuka na uko Mtwara? Pitia hapa kabla hujatuma hela Dar

Kijana wa Chuno:

Wakuu habari za jioni.

Nimeamua kufungua uzi huu kwa ajili ya wenye magari wa huku Kusini, maana nyuzi nyingi za vioo zinaandikwa na watu wa Dar. Wao wakipasukiwa asubuhi, mchana wako Gerezani kwenye maduka ya spea wanachagua kwa macho. Sisi katikati tuna barabara ya kilomita zaidi ya 550, na hiyo barabara ndiyo inayobadilisha hesabu yote.

Kisa kwa kifupi. Premio yangu, ile ya umbo la ZZT240, ilikuwa imeegeshwa Ligula, vijana wanafyeka majani kwa mashine ya kuvaa begani. Kokoto ikaruka. Hakukuwa na kishindo, ni "tik" tu, kioo chote kikawa cheupe lakini kikabaki kimesimama kwa sababu kilikuwa na tinti ya kubandika. Nikafungua mlango wa dereva kuchukua simu, nilipoufunga ndipo kikashuka chote, nusu kwenye kiti cha nyuma, nusu juu ya buti. Bosi wa wale vijana muungwana, tukaelewana akachangia. Hayo yaliisha pale pale. Kilichonichosha ni kutafuta kioo.

Kwanza tuelewane. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana jiwe likipiga unapata ufa au nyota, unaendesha hadi kwa fundi na pengine anaziba. Cha nyuma kwenye magari yetu mengi ni kipande kimoja kilichochomwa kiwandani mpaka kupita nyuzi joto 600, halafu kikapulizwa upepo kikapoa ghafla. Juu kimekazwa, ndani kinavutana. Kitu kigumu chenye ncha kikishapenya ile ngozi ya juu, mvutano wote unaachia kwa mpigo na kinageuka punje. Kwa hiyo hapo hakuna kuziba. Na usidanganyike kwenda kwa fundi wa madirisha ya alumini akukatie kingine: kioo cha aina hii kikishachomwa hakikatwi wala hakitobolewi. Atakayekwambia anakata, anakukatia kioo cha dirisha la nyumba, na siku kikivunjika kinatoka vipande kama mapanga nyuma ya shingo za watoto wako.

Sasa bei. Tunapiga simu dukani tunauliza, "Kioo cha nyuma cha Premio shilingi ngapi?" Muuzaji anataja bei ya alichonacho, wewe unatuma hela, mzigo unafika haukai. Premio ziko za umbo zaidi ya moja. IST nazo, NCP60 na NCP110 zinaitwa jina moja lakini vioo havibadilishani. Noah ya AZR60 na ya ZRR70 ndiyo usiseme. Fungua boneti, tafuta kile kibati chenye namba ya chesesi na modeli, kipige picha, hiyo ndiyo umtumie muuzaji kabla ya kutaja neno "bei". Mwaka wa gari peke yake hautoshi, kwa sababu mwaka ambao umbo linabadilika unakuta yote mawili yametoka.

Baada ya hapo, kioo chenyewe kina nini juu yake? Hapa ndipo gari mbili zinazofanana zinapoachana bei. Kuna ile mistari myembamba ya kahawia inayopasha joto. Kuna magari ambayo antena ya redio imechorwa humo humo kwenye kioo, ukiweka kisicho nayo redio inaanza kukoroma ukivuka Mikindani tu. Kuna vioo vyenye tundu la wipa, na vingine wipa inatoka kwenye bati la mlango kwa hiyo kioo hakina tundu. Kuna vyenye taa ya breki ya juu imeshikiliwa pale pale. Prado za miaka fulani kioo cha nyuma kinafunguka peke yake bila mlango, kina bawaba na kitasa chake, bei yake iko dunia nyingine. Na kuna weusi wa kiwandani, yaani rangi imo ndani ya kioo chenyewe, tofauti na tinti ya kubandika. Ukiweka cheupe kwenye gari ambalo vioo vya pembeni ni vyeusi vya kiwandani, kila mtu atajua, na tinti ya kufananisha ni gharama nyingine.

Kama kioo kimeisha chote na hukumbuki kilikuwaje, tafuta gari mwenzake. Mimi nilimpata wangu kwenye maegesho ya msikiti siku ya Ijumaa, nikamsubiri mwenyewe atoke nikamwomba nipige picha. Pembeni chini kuna alama za kiwanda. Ukiona herufi E na namba ndani ya duara, pamoja na 43R, hicho kimepita vipimo vya Ulaya vya vioo vya magari. Ukiona V karibu na hapo, ni kioo cheusi kisichopitisha mwanga wa kutosha kuwa cha mbele. Kisicho na alama yoyote mimi sinunui hata kwa nusu bei.

Halafu kuna njia tatu za kununua. Mtumba wa Japani, uliovuliwa kwenye gari: kwa kawaida unakaa vizuri kwa sababu ulitoka kwenye gari kama lako, ila ukague kingo zote kwa kidole ukiwa na glavu. Kipya cha kiwanda kingine, mara nyingi cha Kichina: baadhi ni vizuri kabisa, baadhi mkunjo wake umepishana kidogo na bodi na fundi atalazimika kujaza gundi. Na cha kuagiza chenye nembo ya kampuni ya gari: kwa gari la mtu wa kawaida huku kwetu sioni sababu, labda kama ni gari la ofisi.

Usafiri. Hapa ndipo niliposumbuka na ndipo ninapotaka mnisikilize. Kioo hiki kina nguvu katikati, udhaifu wake uko kwenye kingo. Kisafiri kikiwa kimesimama, kamwe kisilazwe chini halafu magunia yapande juu. Mwambie muuzaji azungushie kingo zote maboksi yaliyokunjwa mara mbili, halafu blanketi, halafu mbao mbili za pembeni. Kingo isiguse chuma cha buti la basi. Mabasi mengi yanapokea vioo kwa masharti ya "hatari ni ya mwenye mzigo" na yameandikwa kwenye risiti, kwa hiyo kikifika punje huna wa kumdai. Kama una ndugu anayekuja na gari dogo, mlipie mafuta kiasi, akunje kiti cha nyuma akubebee kioo hapo. Mimi nilifanya hivyo, na muuzaji nikamtumia sehemu ya hela, nyingine alipewa mkononi ndugu yangu alipolinganisha kioo na picha zangu.

Kwa hiyo mtu akikutajia bei, mwulize: ni kioo tu, au kioo kilichofungwa na gundi, raba ya pembeni, klipu na usafishaji? Nilitajiwa bei Mtwara mjini ambayo ilionekana kubwa mno kuliko ya Dar, kumbe ndani yake kila kitu kimo.

Karibuni mafundi mniongezee au mnisahihishe.

---

Nahodha wa Shangani:

Uzi tayari, nimeweka kiti. Lakini mkuu umeongea sana, namba hujatoa. Taja hela.

---

Kijana wa Chuno:

@Nahodha nilikwepa makusudi, maana mtu atasoma uzi huu mwakani halafu agombane na fundi wake. Ila kwa gari langu: mtumba laki mbili na nusu, gundi na ufundi elfu tisini, raba ya juu nilinunua mpya elfu thelathini, ndugu yangu nilimpa ya mafuta elfu thelathini. Jumla laki nne. Angalia hapo: kioo chenyewe ni laki mbili na nusu tu kati ya hizo. Hiyo laki moja na nusu nyingine ndiyo watu wanaisahau wakiwa wanapigiana simu na dalali.

---

Fundi wa Magomeni:

Mimi ni fundi wa Magomeni ya hapa hapa Mtwara, siyo ya Dar. Naomba niongeze kwenye gundi, kwa sababu ndiko wateja wanakobana hela na ndiko tunakolaumiwa baadaye.

Kioo cha nyuma cha gari la saluni, yaani gari dogo lenye buti, kimeshikwa na gundi tu. Hakuna boliti. Kuna gundi ya vioo vya magari, nyeusi, nzito, inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani. Na kuna silikoni ya kuzibia masinki na madirisha, bei yake ni ndogo mno, na ndiyo baadhi ya wenzetu wanayotumia. Namna ya kujua ni rahisi: tyubu ikifunguliwa, nusa. Ukisikia harufu ya siki, mwambie fundi aifunge. Ile siki ni tindikali inayokula rangi na bati chini ya kioo, na baada ya masika kadhaa unakuta kutu imevimba, maji yanaingia kwenye buti, unatafuta chanzo huoni. Gundi ya kweli soma na tarehe yake. Huku joto kali, tyubu iliyokaa dukani juani imeisha nguvu hata kabla tarehe haijafika, unaibonyeza inatoka mabonge mabonge. Irudishe.

Pili, bati. Ninyi wa Shangani na Mikindani mnaokaa karibu na bahari, chumvi inakula gari kimya kimya. Nikishaondoa kioo cha zamani sikwangui gundi yote mpaka chuma. Naacha utando mwembamba wa gundi ya zamani, kama milimita moja au mbili, kama imeshika vizuri, maana gundi mpya inashika vizuri juu ya gundi ya zamani kuliko juu ya rangi iliyochubuliwa. Nikikuta kutu, kazi inasimama. Inasuguliwa, inapakwa praima, inaachwa ikauke. Hiyo ni hela ya ziada na siku ya ziada, na mteja anadhani namzungusha.

Tatu, hewa yetu ya unyevu inasaidia gundi kukomaa, lakini pia inafanya ngozi ya juu ianze kuganda upesi. Fundi akishaipaka aweke kioo hapo hapo, asiende kwanza kunywa chai. Ndiyo maana nakataa kufunga kioo kikubwa peke yangu, lazima mtu wa pili ashike upande wa pili. Huyo wa pili naye analipwa.

---

Mzee wa Mitwero:

Vijana, mimi niko Lindi. Kioo cha nyuma cha Spacio yangu kilipasuka usiku gari likiwa ndani ya uzio, hakuna jiwe, hakuna mtu, mbwa hakubweka. Majirani wameshanipa majina ya watu watatu. Fundi unasemaje?

---

Fundi wa Magomeni:

Shikamoo mzee wangu. Hayo majina yaache yapumzike. Kioo cha aina hii kinaweza kupasuka chenyewe. Kona ikishapata kidonda kidogo, labda siku mlango wa nyuma ulifungwa ukiwa na mbao imetokeza, kinakaa nacho muda mrefu. Gari linapikwa na jua mchana kutwa, usiku hewa inalipoza, kioo kinajikunja na kujikunjua, siku moja kidonda kinafika kwenye ule mvutano wa ndani. Wakati mwingine ni uchafu mdogo sana uliobaki ndani ya kioo tangu kiwandani. Mwulize aliyelitumia gari mara ya mwisho kubeba mzigo mrefu.

---

Mzee wa Mitwero:

Marahaba. Ni mwanangu, alibeba mabati.

---

Mama Korosho:

Mimi ni wa Newala. Kaka wa Chuno, hiyo mistari ya joto umeipita haraka, wewe wa pwani huijui kazi yake. Huku juu ukiamka mwezi wa sita ukungu umeshuka mpaka kwenye miguu, kioo cha nyuma kinafunga cheupe huoni hata taa za gari lililo nyuma yako. Mimi nilifungiwa kioo kizuri tu, lakini fundi hakuunganisha waya, akaniambia "mama, huku hakuna baridi". Huku kwetu ipo! Kwa hiyo dada zangu, kabla hujalipa washa ile swichi, acha dakika chache, weka kiganja.

Na kingine. Nilikaa na nailoni wiki nzima nikisubiri kioo. Kwenye barabara ya vumbi gari linavuta vumbi lote kutoka nyuma, ukifika sokoni umekuwa mwekundu mpaka nyusi. Kichwa kikawa kinaniuma, nikadhani ni malaria.

---

Fundi wa Magomeni:

Mama yangu, kichwa kile huenda kilikuwa moshi. Gari likiwa wazi nyuma, hewa inajizungusha na kurudisha moshi wa egzosi ndani. Ndani ya moshi huo kuna gesi isiyo na harufu inayoua. Ukilazimika kuendesha hivyo, fungua vioo vya mbele na washa feni ivute hewa ya nje ili upepo uingie mbele utokee nyuma. Na watoto wasikae nyuma.

Kuhusu mistari: vile vichwa viwili vya waya pembeni mwa kioo vinang'oka kirahisi sana mtumba unapovuliwa. Vipimwe kwa testa kabla kioo hakijapakwa gundi. Kikishafungwa, kubishana kunakuwa kugumu.

---

Bandari Boy:

Mbona mnajitesa. Mimi niliweka ile plastiki ngumu inayoangaza, nimekatiwa kwa kipimo, nikapiga skrubu na silikoni. Bei ya kutupa. Mwaka wa pili huu.

---

Kijana wa Chuno:

Mkuu, swali la uungwana: unaona nini kwenye kioo cha kati cha kutazamia nyuma usiku, gari likiwa nyuma yako na taa?

---

Bandari Boy:

Naona mwanga.

---

Nahodha wa Shangani:

😂😂 Anaona mwanga. Wakuu huyu anaendesha kwa imani.

---

Fundi wa Magomeni:

Plastiki ile inachubuka kila ukiifuta vumbi, jua linaipiga inakuwa ya njano, na skrubu zimetoboa bodi, kutu imeshaanza hata kama hujaiona. Siku utakapotaka kioo halisi utalipia kwanza kuziba matundu na rangi. Kwa trekta la shamba sina ugomvi. Kwa gari la barabara ya Mtwara hadi Lindi usiku, na malori yanavyokuja, mimi sikufungii.

---

Hilux ya Shamba:

Wenye pikapu tumesahaulika. Kioo changu cha nyuma ya kabini ni bapa, kimeshikwa na raba, hakuna gundi. Fundi alitumia kamba: anaizungusha ndani ya mfereji wa raba, anaweka kioo kwa nje, anaivuta kamba polepole kutoka ndani, mdomo wa raba unapanda juu ya bati. Saa moja kazi imekwisha na nikaondoka nalo. Ushauri wangu: ukibadilisha kioo badilisha na raba. Raba ya zamani imekauka, ukiirudisha mvua inaingia mpaka nyuma ya kiti.

---

Mdau wa Masasi:

Bima je? Nina sticker, si walipe?

---

Kijana wa Chuno:

Kama ni bima ndogo ya lazima, hiyo inamlipa mtu uliyemgonga wewe, kioo chako hakimo. Kama ni bima kubwa, soma kipengele cha vioo: mikataba mingi ina kikomo chake cha vioo, na kuna sehemu unachangia mwenyewe. Piga hesabu kwanza. Kwa gari dogo wakati mwingine unachochangia kinakaribia bei ya kioo, hapo unajisumbua bure. Kama kioo kimevunjwa na wezi, pitia polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako) siku hiyo hiyo, na usifagie kabla hujapiga picha.

---

Mdau wa Masasi:

Ahsante kwa madini. Swali la mwisho: nifanye sasa au nisubiri msimu wa korosho nikiwa na hela?

---

Fundi wa Magomeni:

Fanya sasa kama unaweza. Minada ikianza kuanzia Oktoba kila mwenye gari bovu analikumbuka kwa wakati mmoja, maduka ya spea yanajua, na mimi mwenyewe nakuwa na foleni. Tena mvua zinakaribia. Mwaka 2024 barabara ilipokatika kule Somanga, mizigo ya Dar ilikwama na kuna magari yalikaa kwenye karakana yangu yamefunikwa turubai, hela ipo, kioo hakuna njia ya kuja.

---

Mama Korosho:

Na zile punje? Nimefyonza gari na mashine mara kadhaa, bado mwanangu anaziokota.

---

Kijana wa Chuno:

Mama, toa kiti cha nyuma kabisa, usifyonze juu juu. Nyingi ziko chini ya kiti, kwenye matundu ya mikanda, na chini ya zulia la buti kwenye shimo la tairi la akiba. Zile ndogo kabisa kama chumvi zinanaswa na kitambaa kilicholowa, au gundi ya karatasi ile pana (selotepu), unabonyeza na kunyanyua. Kama gari ni la mlango wa nyuma, fungua na ubao wa ndani wa mlango, zimejaa humo, ndiyo zinalia ukipita kwenye rasta.

---

Fundi wa Magomeni:

Na kwa yeyote atakayefungiwa wiki hii: siku ya kwanza acha kioo kimoja cha mlango wazi kidogo, ukifunga mlango kwa nguvu gari likiwa limezibwa lote hewa inasukuma kioo kipya kutoka ndani. Zile gundi za karatasi nilizobandika juu msizibandue kwa sababu zinawatia aibu mtaani, zitoke kesho yake. Na gari lisipelekwe kuoshwa kwa mashine ya maji ya presha mpaka siku mbili zipite. Mdau wa Masasi, nitumie picha ya kibati cha chesesi na ya kioo cha upande, nikuangalizie kama kuna kilichopo hapa hapa mjini kabla hujapiga simu Dar.